Bunduki ya Bei ya Zulia

Lionel Yarnold alikuwa mlenga shabaha wa ajabu: Jumanne hakosi, Alhamisi hapati.

Angekuwa anakosa siku zote, tungesema ni uzee, tungemnunulia bia na kumhamishia kwenye timu ya kurusha vishale, ambako uzee hauonekani sana kwa sababu wote wamelewa. Lakini Jumanne, siku ya mazoezi, kengele ya baa yetu ililia mkononi mwake kama ya kanisa siku ya harusi. Alhamisi, siku ya mechi, mtu yuleyule, bunduki ileile, koti lilelile la kijani lenye viraka kwenye viwiko: tatu, tatu, mbili, tatu. Kengele kimya.

Baa yetu inaitwa Ishi na Uache Wengine Waishi, na hatuoni ubaya wowote kupigia bunduki ndani yake. Kwenye ukuta wa chumba cha nyuma kuna bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, lenye tundu la kupitisha punje ya njegere katikati. Nyuma ya tundu kuna kengele. Risasi, ambayo ni kichembe tu cha madini ya risasi kinachosukumwa na upepo, ikipita tunduni kengele inalia na unapata tano. Isipopita, inaacha doa jeusi kwenye rangi. Pembeni ya bamba, ndani ya kibanda cha mbao nene kilichosimama kama kabati, yumo mtaja alama. Yeye huchungulia doa, hutaja nne au tatu au mbili, kisha hupitisha brashi ya rangi kulifuta kabla macho ya watu hayajapata kuuliza swali.

Siku ya mechi mtaja alama hutoka kwa wapinzani, na hutaja namba tu. Hakwambii risasi yako imeegemea upande gani. Kanuni za ligi hazimruhusu. Jumanne mtaja alama ni wetu wenyewe, na hiyo ndiyo maana ya Jumanne: kuna mtu wa kukwambia ukweli ambao Alhamisi hutausikia.

Mtaja alama wetu alikuwa Trevor Tandy, rafiki wa Lionel tangu shule. Na kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa rafiki yake, Trevor alikuwa anadanganya.

Ilianza Januari. Lionel alikuwa amestaafu kuendesha lori la halmashauri, lile linalomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, na tangu astaafu alitoka nyumbani kwa sababu mbili tu: Jumanne na Alhamisi. Jioni hiyo alipiga na kupiga na kengele haikulia hata mara moja. Akaiweka bunduki juu ya benchi polepole, kama mtu anayeweka sahani ya mgonjwa.

"Nadhani nimekwisha, Trev," alisema. "Nipige hii moja, nikutoe huko ndani, twende nyumbani."

Trevor alikuwa kibandani, brashi mkononi. Risasi ikagonga bamba, na mpini wa brashi, sijui ulitumwa na nani, ukaigusa kengele. Ting!

"Tano!" Trevor akaita, na kupitia mbao akasikia mzee wa miaka sitini na tatu akicheka kama mtoto aliyepewa pipi.

Baada ya hapo angeachaje? Mambo yenyewe yalikuwa mepesi. Bunduki ya baa ni ya springi, ina umri mkubwa kuliko mwenye baa, na ikifyatuliwa inalia kama mlango wa lori unaobamizwa. Akiwa ndani ya kibanda Trevor hamwoni mpigaji, lakini mlio ule ulimtosha: mlio, na papo hapo anagusa kengele. Hakuna sikio la kutenganisha vitu hivyo viwili. Wala hakuwa na tamaa. Alimpa nyingi, akamnyima chache, ili mambo yabaki ya kibinadamu.

Aliyekuja kuharibu raha hiyo ni Tamsin Hodgetts, nahodha wetu. Tamsin anafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Kazi yake ni kushika mbwa wasiotaka sindano, na hata nasi huzungumza hivyohivyo. Mwanzoni mwa Machi alimkalisha Lionel karibu na moto.

"Mzee Lionel, hebu nieleze. Jumanne wewe ni malaika. Alhamisi unapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Nifanye nini na wewe?"

"Unipange."

"Nikupange wapi? Mechi ya mwisho ni na Farasi Mweupe, tukifungwa tunashuka daraja. Nina yule kijana wa karakana ya matairi, anapiga nne, nne, nne kama saa ya ukutani. Hapigi kengele, lakini hanipandishi homa."

"Yule anatafuna chingamu akiwa analenga!"

"Atafune hata soksi. Jumanne ya mwisho kabla ya mechi nataja watu sita. Nikikuona umetengemaa, umo. La sivyo, unapumzika."

"Kupumzika nimeshapumzika, binti," Lionel alisema. "Tangu nistaafu napumzika. Nimechoka kupumzika."

Trevor alikuwa meza ya pili. Glasi ilifika mdomoni, ikarudi mezani vilevile ilivyokwenda.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Lionel hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa amegundua jambo.

"Ni bunduki, Trev. Fikiria. Jumanne napiga wa kwanza, springi bado baridi, mambo safi. Alhamisi napiga wa sita. Watu watano wameshaifyatua, imepata moto, imechoka. Springi ni kama goti. Asubuhi goti zuri, jioni goti si lako tena."

Trevor alitandika mazulia maisha yake yote, na anayajua magoti kuliko daktari. "Labda ni wasiwasi wa mechi," alijaribu.

"Wasiwasi? Mimi niliyeshusha tani kumi na nane za chumvi kinyumenyume kwenye mlima wa barafu? Wasiwasi gani?"

Hapo ndipo Trevor angesema. Nafasi ilikuwepo, pana kama lango la shamba.

"Basi," akasema, "itakuwa bunduki."

*

Bunduki aliyoitaka Lionel ni ile ya hewa ya kushindilia. Haina springi. Chini ya mtutu ina mtungi mwembamba. Unaujaza hewa mpaka geji iseme yatosha, kisha kila ukivuta kifyatuo, vali inaachia kifunda kimoja cha hewa kinachoisukuma risasi. Haina teke, haitikisiki, na ukipata yenye kidhibiti ndani, kifunda cha kwanza na cha arobaini vina nguvu sawa. "Haichoki," Lionel alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifia mchumba.

Ruhusa ilitoka kwa mkewe, Maureen, ikiwa na masharti. Maureen alikuwa ameweka akiba ya zulia jipya la ngazi.

"Bunduki pamoja na vikorokoro vyake vyote isizidi bei ya zulia," alisema. "Ikizidi hata peni moja utalala kwenye ngazi. Na ile miwani niliyokulazimisha Krismasi, unaivaa?"

"Naivaa! Naona mpaka kesho."

"Mbona unainua kidevu kama kuku anayekunywa maji?"

"Ndivyo inavyovaliwa, Maureen. Chini ni ya kusomea, juu ni ya mbali, katikati sijui ni ya nini."

Akainua kidevu, akaingia mtandaoni. Huko alikuta wanaume wasiojuana wakitukanana kwa ajili ya vali. Mmoja alisema ya bei nafuu ni nzuri sana, ila ukiongeza kidogo tu utapata nzuri ya kweli. Aliyekuwa ameongeza kidogo naye aliambiwa aongeze kidogo, na huyo wa juu yake vilevile. Lionel aliona kwamba akifuata ushauri wote ataishia kuuza nyumba, lakini atakuwa na bunduki yenye kitako cha mti wa jozi. Mwingine alimwonya kwamba mtungi mdogo ni mateso. Mwingine akamwonya kwamba mtungi mkubwa ndio mateso hasa, tena ni mzito, na kama hana misuli ya shingo asijisumbue. Wa tatu alisema wote wawili hawajawahi kushika bunduki, akaweka picha ya paka wake.

Trevor naye alikuwa na kampeni yake.

"Kwa nini usichukue ya springi, mpya? Ni rahisi, na ina mlio wa kiume."

"Mlio ndio unaonipepesa macho, Trev! Nataka ya kimya. Kimya kabisa."

"Kimya kabisa?"

"Kama dhamiri safi."

Trevor akaomba atoke nje kidogo apunge upepo.

*

Bi Pargeter anauza chakula cha mbwa na mabuti ya matope dukani kwake mjini, na katika chumba cha nyuma anauza bunduki. Aliwatazama wazee wale wawili kutoka miguuni kwenda juu, kama alivyozoea kupima watu mabuti.

"Mnataka nini, mabwana?"

"Ya hewa ya kushindilia," Lionel alisema. "Ya mtu anayeanza." Neno la mwisho lilimtoka kwa shida, maana alianza kabla Bi Pargeter hajazaliwa.

"Ya panya au ya kengele?"

"Kengele."

"Basi milimita nne na nusu. Ile nene iache, ligi yenu haiikubali. Uwezo?"

"Zulia la ngazi."

Bi Pargeter hakushangaa. Amewahi kuuza bunduki za bei ya mashine ya kufulia, za bei ya likizo ya Uhispania, na moja ya bei ya talaka. Akaweka tatu juu ya kaunta.

"Hii kitako chake plastiki, nyepesi, haiharibiki hata ukiiangusha kisimani. Lakini haina kidhibiti. Risasi za mwanzo zinapanda, za katikati zinatulia, za mwisho zinashuka. Ukishajua tabia yake mtaelewana."

"Wa kuelewana naye ninaye nyumbani," Lionel alisema. "Inayofuata."

"Hii nzuri, inabeba risasi kumi kwa mkupuo. Lakini ninyi mnapiga mojamoja, kwa hiyo utalipia kumi na kutumia moja."

"Inayofuata."

Ya tatu ilikuwa na kitako cha mti wa kawaida, haina nakshi, haina jina kubwa. Bi Pargeter aliishika kwa heshima zaidi kuliko zile mbili. "Hii kampuni yake haijatangaza popote, ndiyo maana pesa yako imekwenda kwenye mtutu. Ina kidhibiti. Unaweka risasi moja, unapiga moja. Na kizuia sauti kimeungwa humohumo." Akalilenga gunia la mchanga kwenye kona, akavuta.

Pff.

"Hiyo tu?" Lionel aliuliza.

"Hiyo tu."

"Trev! Umesikia?"

"Sijasikia," alisema Trevor, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu Januari. Kisha akamwinamia Bi Pargeter. "Hicho kizuia sauti... hakitoki? Hata kwa bisibisi?"

"Kwa nini mtu atake kelele?"

"Mazoea, mama. Mazoea tu."

Lionel alikuwa hasikii tena. Aliiweka begani, shavu likalala juu ya kitako kama mtu anayelala kwenye mto wake mwenyewe. Alikuwa ameshachagua, na bado kiasi kizuri cha zulia kilikuwa kimebaki mfukoni. Ndipo Bi Pargeter alipouliza, "Na hewa mtaitoa wapi?"

Wazee walitazamana. "Si ipo?" Lionel alisema, akionyesha huku na huku.

"Ipo. Inabidi iingie." Akavuta pampu ya mkono kutoka chini ya kaunta, chuma kinachofika kiunoni, chenye mishikio miwili kama baiskeli iliyokosa magurudumu. "Kuna mtungi wa wapiga mbizi, huo unafungua tu inajaa, lakini huo ni zulia la pili. Pampu hii inaingia kwenye pesa yenu. Inakula ngazi zote mpaka ya juu kabisa."

Ikala. Lionel alipotaka kujaribu kupiga, uwanja wa nyuma ulikuwa umejaa magunia ya chakula cha mbwa.

"Nimeilenga mwenyewe jana," Bi Pargeter alisema. "Imenyooka kwa jicho langu. Kwa lako huenda ikaegemea kidogo. Ikiegemea, zungusha hii skrubu ya kilengeo, mibofyo miwili mitatu, basi. Mtaja alama wako atakwambia inakwenda upande gani."

"Ni huyu hapa!" Lionel akampiga Trevor bega. "Huyu hana mfano."

"Basi huna shida," alisema Bi Pargeter.

*

Nyumba ya Lionel ina ua wa kutosha mapipa ya taka na mtu mmoja mwembamba. Kupiga bunduki pale ni kumpiga jirani. Lakini kupampu inawezekana. Lionel alipampu mpaka pumzi zikaisha, geji ikasogea kwa unyoya. Trevor akampokea. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyeweza kumzuia. Aliinuka na kuinama, kuinuka na kuinama, kama mtu anayesali kwa Mungu mwenye hasira.

Maureen akafungua dirisha la jikoni. "Trevor! Umekuwa mwekundu kama nyanya. Moyo wako utahimili? Nini kinakusukuma hivyo?"

"Urafiki," Trevor alisema, akashika tena mishikio.

Jumanne ya mwisho tulijaa chumba cha nyuma. Lorraine, mwenye baa, alikuwa ametengeneza mikate ya jibini na kitunguu, na kwa sababu ya wingi wa watu alifungua ile kaunta ndogo iliyo karibu na kibanda cha mtaja alama. Kila mtu alitaka kuishika bunduki mpya, na Lionel alimruhusu kila mtu, kisha akafuta alama za vidole vyao kwa leso.

"Mzee Lionel," Tamsin alisema, "kumi, kama kawaida. Nakutazama."

Trevor alijifungia kibandani. Akabandika sikio kwenye mbao.

Pff. Kimya kidogo. Tk, bamba. Kimya kidogo tena. Ting.

"Tano!"

"Kengele yako leo ina usingizi, Trev," Lionel alisema, na watu wakacheka. Tamsin hakucheka.

Ya pili ilikuwa hivyohivyo: pff, tk, halafu kengele ikaja nyuma kama mtu aliyechelewa basi. Kibandani Trevor alijua mambo yanaharibika. Akisubiri bamba, amechelewa. Akaamua asisubiri: akisikia tu pff, agonge. Akafumba macho ili asikie vizuri.

Lionel akaweka risasi ya tatu. Akainua bunduki, akavuta pumzi, akaishusha; moshi kidogo ulikuwa umemwingia jichoni. Kwenye kaunta ndogo kijana wa karakana ya matairi aliomba soda ya tangawizi, na Lorraine akafungua chupa.

Pff.

Ting!

"Tano!" aliita Trevor.

Bunduki ilikuwa bado mikononi mwa Lionel, imejaa, mtutu chini. Watu walitazama bunduki, wakatazama chupa. Lorraine naye aliitazama chupa, kama imemtukana. Tamsin akaweka kidole mdomoni, kisha akamwonyesha Lorraine kwa ishara: fungua nyingine.

Pff.

Ting!

"Tano! Safi sana! Umerudi, mzee mwenzangu, umerudi!"

"Mpange Lorraine," alisema mtu kutoka nyuma. "Hajakosa hata moja."

Kicheko kilitutoka sote, hata tukashikana mabega. Kilikatika tulipoona Lionel anaiweka bunduki juu ya benchi, polepole.

"Trev," alisema. "Toka."

Trevor alitoka na rangi nyeupe puani. Aliona chupa mbili, akaona benchi, akaelewa.

"Tangu lini?"

"Januari."

"Zote?"

"Nyingi."

"Kwa nini?"

"Ulisema umekwisha."

"Na wewe ukaona dawa ni kunizika kwa muziki?"

"Ulitaka niseme nini? Ukiacha Alhamisi utakaa dirishani ukingoja theluji! Nakujua mimi!"

"Nimenunua bunduki, Trevor! Maureen ameshang'oa zulia la zamani, tunapanda ngazi tupu kama wezi!"

"Nimekupampia!"

"Umenipampia!" Lionel aliwageukia watu wote kama anayetafuta shahidi. "Amenipampia!"

Tamsin akasogea. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ile ya sindano. "Pole, mzee Lionel. Pole kweli. Lakini lazima nitaje sita leo, na nadhani unaelewa kwamba—"

"Risasi tano," Lionel alisema. "Za kweli. Halafu utaje unayemtaka."

"Sawa. Naingia mimi kutaja alama."

"Aingie huyuhuyu."

"Huyu mwongo?"

"Ndiyo, mwongo huyuhuyu. Ana miezi mitatu ya mambo ya kuniambia."

Trevor akarudi kibandani. Lorraine akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, mbali na chupa.

Pff. Tk.

Tulingoja. "Tatu," ilisema sauti ndogo.

"Wapi?"

"Kushoto."

Pff. Tk. "Tatu. Kushoto."

Pff. Tk. Safari hii brashi haikusikika. "Lionel," Trevor akaita, "ni palepale. Sikuzifuta. Zimekaa moja juu ya nyingine, kama mtu anapigilia msumari."

"Na zile za Januari? Kwa bunduki ya baa?"

"Sasa unavyouliza... zilikuwa palepale. Mimi nilikuwa nafuta tu, ndugu yangu. Sikupenda kuziangalia."

Kila aliyewahi kushika bunduki chumbani mle alielewa kwa wakati mmoja. Mtu ambaye risasi zake zinatawanyika amekwisha. Mtu ambaye risasi zake zote zinakosa mahali pamoja ana skrubu ya kuzungusha tu. Lionel alivua miwani, akaitazama kama anayemtambua mwizi wake sokoni, akaivaa tena.

"Krismasi," alisema.

Robo ya mzunguko kwenye kilengeo cha bunduki ya zamani, Januari, ingemaliza mambo yote: bila mtungi, bila pampu, na ngazi zikiwa zimevaa. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia "kushoto."

Akainama, akazungusha skrubu. Mibofyo ilisikika chumba kizima.

"Zimebaki mbili," Tamsin alisema.

Pff.

Ting.

Hakuna aliyeshangilia. Wote tuligeukia kibanda.

"Trevor Tandy," Tamsin alisema, "ni wewe?"

Juu ya mbao ikapanda mikono miwili, mmoja umeshika brashi, rangi ikidondokea sakafuni.

"Mikono hii hapa!"

"Ikae hapohapo. Mzee Lionel, endelea."

Lionel akainua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Pff. Ting. Mikono ilikuwa bado angani, na safari hii hata Lorraine alipiga kelele. Tamsin akataja watu sita. Lionel alikuwa wa sita, mahali pake.

Alhamisi bunduki mpya haikwenda kwenye mechi. Mtungi ulikuwa mtupu, maana Jumanne ile kila mtu alitaka kuijaribu, na bega la Trevor lilikuwa limekufa kwa sababu ya toba yake ya uani. Kusalimia tu alisalimia kwa mkono wa kushoto. Lionel akachukua ile ya springi, ya wa sita, ya moto, iliyochoka, akazungusha skrubu robo, akapiga kengele nne katika tano. Tulifungwa hata hivyo, tukashuka daraja, kwa sababu sisi wengine tulishindwa kulenga kwa kutazama kama mtaja alama wa Farasi Mweupe ameinua mikono. Tamsin ndiye aliyemtaka aiinue. Yule bwana aliuliza kama anaibiwa.

Ngazi za Maureen zilitandikwa na Trevor, bega lilipopona, kwa vipande vilivyobaki vya mazulia ya maisha yake yote. Kila ngazi ina rangi yake, na moja ina maua ya hoteli fulani. Maureen anasema hajawahi kuona kitu kibaya kama hicho, na wageni wakija huwapandisha juu kwanza wakakione.

Trevor bado ni mtaja alama wa Jumanne. Lionel anapiga, kengele inalia, mikono inapanda juu ya mbao. Na siku isipolia, mikono haipandi. Sauti inatoka kibandani, kubwa kuliko inavyohitajika.

"Tatu! Kulia! Tena kulia sana, mzee, sijui ulikuwa unalenga nini!"

"Asante," Lionel hujibu.